Chuma Kilichovikwa Kioo

Katika nyumba nyingi za Nassa, na za nchi yote iliyo kando ya Ghuba ya Speke, vimo vyombo vyeupe vyenye ukingo wa buluu: sahani, bakuli, vikombe, birika, na beseni la kunawia mikono. Vingine vina maua mekundu na majani ya kijani katikati. Mama wa nyumba huvitoa wageni wafikapo, na bibi arusi hupewa baadhi yake vya kuanzia nyumba yake. Wengi huviita vyombo vya bati. Walakini weupe ule unaong'aa si bati, wala si rangi iliyopakwa kwa brashi kama rangi ya mlango. Ni kioo. Ndani ni chuma, nje ni kioo, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa moto hata vikawa kama kitu kimoja. Kioo cha namna hii huitwa enameli.

Twaona yafaa kueleza habari zake kwa urefu, kwa sababu tatu. Kwanza, ni kazi ya kale sana, na mafundi wa mataifa mengi wameitaabikia. Mtu ajuaye taabu ya fundi hukitunza chombo. Pili, waalimu waweza kupata humo masomo mema ya kuwafundisha watoto bila kununua kitu. Tatu, na hili ndilo kubwa, chombo cha enameli kilichobanduka, au kilichotiwa rangi mbaya, chaweza kumdhuru mtoto anayekitumia kila siku, na wazazi wake wasitambue.

KIOO NI NINI

Mchanga mweupe safi ndio asili ya kioo. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka upate joto la digrii 1,700 hivi za sentigredi, na moto wa namna hiyo mafundi wa kale hawakuwa nao. Basi waligundua ya kuwa mchanga ukichanganywa na magadi, au na majivu ya miti fulani, huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Magadi twayajua sote. Huchukuliwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron na Magadi, na akina mama huyatia katika maharage na mboga ili ziive upesi. Kumbe magadi yayo hayo yausaidia mchanga kugeuka kuwa kioo.

Kwa kazi ya enameli fundi huongeza tinkali, ile dawa itumiwayo na masonara katika kulehemu, au risasi, ili kioo kiyeyuke upesi zaidi na kushikamana na madini. Mchanganyiko ukiisha kuyeyuka humiminwa katika maji baridi, nao hupasuka ukawa chembe chembe kama chumvi ya mawe. Chembe hizo hutwangwa katika kinu kigumu pamoja na maji, zikaoshwa tena na tena mpaka maji yatoke meupe bila ukungu. Fundi mvivu asipoziosha vema, rangi yake hutoka na mawingu.

Rangi nazo hutoka katika madini. Kobalti hutoa buluu nzito. Shaba hutoa kijani, au rangi ya feruzi, na pengine hutoa nyekundu, moto ukikosa hewa. Manganizi hutoa zambarau. Chuma hutoa njano na hudhurungi. Dhahabu kidogo sana hutoa nyekundu ya waridi. Na bati, lililochomwa hata likawa unga, hufanya kioo kiwe cheupe kisichopenya nuru. Kwa hiyo wale wasemao “vyombo vya bati” hawakosi kabisa: kwa karne nyingi bati lilikuwa katika weupe wenyewe, ingawa siku hizi viwanda hutumia zaidi titani mahali pake.

Tena kioo cha rangi si kitu kigeni katika nchi hii. Ushanga ni kioo, nao ulifika kabla ya sahani. Henry Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda ziwani, alikuwa safarini siku 103, akafika kijiji cha Kageyi katika Ghuba ya Speke mwishoni mwa Februari 1875. Katika misafara ya namna hiyo wapagazi walichukua nguo, waya wa shaba, na ushanga, navyo vilikuwa fedha ya njiani. Ulikuwako ushanga mwekundu ulioitwa samesame, ambao watu wa bara waliupenda kuliko mwingine, na msafiri aliyeleta rangi isiyotakiwa aliweza kulala na njaa huku amebeba mizigo ya ushanga. Basi bibi aliyevaa ushanga shingoni, na mjukuu wake anayekula katika bakuli jeupe, wote wawili wanatumia kioo kilichotiwa rangi kwa madini. Tofauti ni kwamba ushanga husimama peke yake, na enameli imeshikamana na chuma.

MAFUNDI WA KALE WALIVYOFANYA

Kushikamana huko ndiko kazi yenyewe. Pete sita za dhahabu zilizochimbuliwa mahali paitwapo Kouklia, katika kisiwa cha Kupro, zatuonyesha ya kuwa watu walijua kuyeyusha kioo juu ya dhahabu yapata miaka 3,200 iliyopita. Tangu wakati huo zimezuka njia nyingi, lakini tatu ndizo kubwa.

Njia ya kwanza ni ya vijumba vya waya. Fundi huchukua waya mwembamba uliobapwa, akaukunja kwa koleo dogo kufuata sura ya ua, au ndege, au jani, akausimamisha kwa ubavu wake juu ya bamba la dhahabu au la shaba. Hivyo hupata vijumba vingi vidogo, kama masega ya nyuki. Kila kijumba hukijaza unga wa kioo wa rangi yake kwa ncha ya unyoya au ya brashi. Kisha hukausha, na kuchoma. Kioo kikiyeyuka hunywea na kushuka, kwa hiyo hana budi kujaza tena na kuchoma tena, mara tatu, nne, au zaidi, mpaka kioo kilingane na ukingo wa waya. Mwisho husugua kwa jiwe na maji hata uso uwe laini. Mafundi wa Konstantinopoli walikuwa hodari sana katika njia hii, na kazi zao nyingi zimo hata leo katika ubao mkubwa wa dhahabu uitwao Pala d'Oro, katika kanisa la Marko Mtakatifu huko Venice. Wachina nao waliipokea, wakaitia sana rangi ya buluu, hata kazi hiyo ikaitwa kwa jina la Jingtai, mfalme aliyetawala toka 1449 hata 1457.

Njia ya pili ni ya kuchonga. Hapa fundi hatumii waya, bali huchimba mashimo katika bamba lenyewe, akiacha kuta nyembamba baina yake, na mashimo huyajaza kioo. Njia hii yataka bamba nene, kwa hiyo hufaa shaba nyekundu ambayo bei yake ni ndogo. Mji wa Limoges katika Ufaransa ulisifika kwa kazi hii katika karne ya 12 na ya 13. Masanduku, vinara na misalaba ya Limoges vilipelekwa katika nchi nyingi za Ulaya.

Njia ya tatu ni ya kuandika picha. Bamba lote hufunikwa kwa kioo cha rangi moja na kuchomwa. Kisha fundi huandika juu yake kwa unga mwembamba sana wa kioo, kama mtu aandikaye picha kwa rangi za maji, na kuchoma tena. Kazi hii nayo ilikuzwa Limoges, toka mwisho wa karne ya 15. Maua tuyaonayo katika sahani zetu ni watoto wa njia hii ya tatu, ijapokuwa siku hizi hayaandikwi kwa mkono, bali hupigwa kwa karatasi ya chapa au kwa bamba lililotobolewa.

MOTO USIOSAMEHE

Msomaji aweza kudhani ya kuwa kuchoma ni kazi nyepesi. Sivyo. Enameli ya vito huiva katika joto la digrii 750 hadi 850, kwa dakika chache tu. Fedha safi huyeyuka kwa digrii 962, dhahabu kwa 1,064, na shaba nyekundu kwa 1,085. Basi fundi wa fedha anafanya kazi karibu sana na ukingo wa shimo. Akiondoa mapema, kioo hubaki na mabaka mabaka kama ngozi ya chungwa. Akichelewa kidogo, rangi huungua. Akichelewa zaidi, na chombo chenyewe hulainika kikaharibika, pamoja na kazi ya majuma mengi. Hakuna kurudi nyuma.

Tena kuna jambo jingine. Kila kitu kikipata moto hutanuka, na kikipoa hunywea. Lakini vitu havinywei kwa kipimo kimoja. Kama kioo na madini yaliyo chini yake havipatani katika kunywea, basi chombo kitakapopoa kioo kitapasuka au kitaruka vipande vipande. Kwa sababu hii fundi humpangia kila madini kioo chake. Na bamba likiwa jembamba, hutia kioo upande wa nyuma pia, hata kama upande huo hautaonekana kamwe, ili pande zote mbili zivutane sawasawa na bamba lisipinde.

Huko Jaipur katika nchi ya India, mafundi huiita kazi hii minakari. Husimuliwa ya kuwa Raja Man Singh wa Amber aliwaleta mafundi wa kwanza kutoka Lahore katika karne ya 16. Wao huchonga dhahabu na kuijaza rangi, lakini hawazichomi zote pamoja. Rangi istahimiliyo moto mwingi hutangulia, na ile iliyo dhaifu huja mwisho. Nyekundu yao, ambayo ndiyo sifa ya Jaipur, ni dhaifu kuliko zote, kwa hiyo huingia mwishoni, wakati makosa yote ya nyuma yamekwisha kuonekana. Tena mara nyingi mkufu wa Jaipur huwa na mawe ya thamani upande wa mbele, na enameli upande wa nyuma, uelekeao ngozi. Kioo kile huilinda dhahabu laini isilike kwa kusuguana na mwili. Mtu wa nje hauoni uzuri huo. Aujuaye ni mwenye kuvaa tu.

MTU ALIYEVUNJA SAHANI ILI AJIFUNZE

Katika nchi ya Japani, karibu na mji wa Nagoya, alikuwako mtu jina lake Kaji Tsunekichi, aliyezaliwa 1803. Alikuwa mwana wa samurai, yaani jamaa ya askari wenye heshima, lakini nyumba yao haikuwa na mali, naye alitafuta kazi ya mkono iongeze riziki. Katika miaka ya 1830 alipata sahani moja ya enameli ya vijumba vya waya, iliyotoka ng'ambo. Hapakuwa na mwalimu karibu naye wa kumfundisha namna ya kuifanya. Basi akaivunja. Akatazama vipande: waya umesimamishwaje, kioo kimeingiaje, chini kuna madini gani. Kisha akaanza kujaribu, akakosa, akajaribu tena, hata akafaulu kutengeneza ya kwake. Akawafundisha wengine, na jimbo lile likawa mahali mashuhuri pa kazi hiyo. Vyombo vya Japani vikanunuliwa duniani kote kabla ya mwisho wa karne ile.

Wazazi na waalimu, litazameni jambo hili. Sahani ile ilikuwa mali kwa mtu asiye na mali. Angeweza kuiweka ukutani na kuwaonyesha wageni. Lakini alipenda kujua kuliko kuwa nacho. Hatusemi watoto wavunje vyombo vya mama zao, twasema mtoto aulizaye “kimefanywaje?” asifukuzwe.

ENAMELI KATIKA PWANI NA ZIWANI

Katika pwani yetu enameli ilijulikana zaidi kama pambo la wakubwa. Mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alianzisha nishani iliyoitwa ya Nyota Ing'aayo, ikawa hutolewa kwa watu wa heshima. Nyota yenyewe ilitiwa enameli nyekundu. Masonara wa Kihindi nao, waliotoka Kachchh na Gujarati kuja kufanya kazi Unguja na miji mingine, walitoka katika nchi ambamo minakari yajulikana sana.

Vyombo vya jikoni vina historia nyingine. Katika karne ya 18 Wajerumani walianza kuvika kioo vyungu vya chuma cha kumimina, ili chakula kisipate ladha ya kutu. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vikajifunza kuvika mabamba membamba ya chuma, na hapo ndipo sahani na vikombe vyepesi vikawa vya bei ndogo. Kazi hufanywa hivi: bamba hugandamizwa kuwa na umbo la chombo, huoshwa kwa dawa kali hata mafuta na kutu viishe, kisha huchovywa katika uji wa kioo wenye kobalti. Madini hayo hukisaidia kioo kushika chuma. Chombo huchomwa kwa digrii 800 na zaidi, nacho hutoka cheusi kama usiku. Baadaye huchovywa katika uji mweupe, huchomwa tena. Ukingo hupakwa buluu, maua hupigwa chapa, na huchomwa mara ya tatu.

Vyombo vya namna hiyo viliweza kufika ziwani kwa wingi pale mizigo ilipoacha kuchukuliwa kichwani. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, na meli zikachukua bidhaa kuzunguka ziwa. Reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza 1928. Kitu ambacho zamani kingetembea miezi mitatu juu ya kichwa cha mpagazi, kikafika kwa siku chache.

Je, kazi hii ingaliweza kufanywa hapa? Tufikiri. Wahunzi wa Rongo, katika nchi ya Uzinza, magharibi ya Mwanza, walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe. Majembe yao yaliletwa Usukumani, yakabadilishwa kwa ng'ombe na mbuzi, na yakatolewa mahari. Moto wa tanuru lao, uliopulizwa kwa mivuo na makaa ya miti migumu, ulipita digrii 1,100, yaani ulikuwa mkali kuliko moto wa enameli. Mchanga ulikuwako, na magadi yalikuwako. Akili ya moto haikupungua hata kidogo. Ila fundi wa Rongo alifanya kile ambacho nchi ilikihitaji, nalo ni jembe. Na chakula kililiwa vema katika vyungu vya udongo na vibuyu. Huko Ghana, watu wa Krobo huponda chupa kuukuu zikawa unga, wakautia katika kalibu za udongo na kuuchoma, wakapata ushanga mzuri ununuliwao na watu wengi. Basi kazi ya kioo si ya taifa moja tu. Lakini twamwonya kijana atakaye kujaribu: vumbi la kioo likiingia mapafuni huyadhuru sana. Asitwange kioo kikavu, wala asianze bila mtu aliyejua kazi.

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Sasa twafika kwenye jambo tulilolitaja mwanzo. Tunasema kwa akina mama hasa, na akina baba wasikie.

1. Usiweke chombo cha enameli kitupu juu ya moto, wala usitie maji baridi katika chombo kilicho moto. Chuma na kioo vitanywea kwa ghafula na kwa vipimo mbalimbali, na kioo kitapasuka.

2. Usisugue kwa mchanga wala kwa waya wa chuma. Kioo kikikwaruzwa hupoteza mng'ao, uchafu hukaa katika mikwaruzo, na asidi za chakula hupata njia. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, kisha futa kwa kitambaa.

3. Chombo kilichobanduka upande wa nje, au chini, chaweza kutumika bado. Kutu ya chuma si sumu. Lakini kilichobanduka upande wa ndani, mahali pa chakula, kiondoe mezani. Pale palipobanduka huendelea kubanduka, na vipande vyake ni vigae vya kioo. Mtoto akilamba uji katika kikombe kama hicho aweza kumeza kigae. Wala fundi wa kulehemu hawezi kukiponya, kwa maana lehemu haishiki juu ya kioo. Kifanye chungu cha kupandia maua, na usione haya.

4. Jihadhari na rangi. Tulisema ya kuwa mafundi wa kale walitia risasi katika kioo. Vito havili chakula, kwa hiyo haikudhuru sana. Lakini risasi katika chombo cha chakula ni sumu. Humdhuru zaidi mtoto mdogo: hupunguza damu, tena huharibu ubongo, hata mtoto akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kipimo cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara. Rangi nyekundu, ya chungwa na ya njano nazo huweza kuwa na kadimi, madini mengine mabaya kwa mafigo. Kiwanda chema huepukana na mambo haya katika sehemu igusayo chakula; lakini macho hayawezi kupambanua chema na kibaya, wala ulimi hauwezi.

5. Kwa hiyo, unaponunua chombo cha kulia, chagua kile ambacho ndani yake ni cheupe kitupu, na mapambo yawe nje, mbali na mdomo. Sinia kuukuu la maua mengi, ambalo hujui limetoka wapi, litundike ukutani likapambe nyumba.

6. Vitu vichachu huvuta madini kutoka katika kioo kibaya. Maji ya ukwaju, ndimu, togwa, na maziwa ya mtindi yasilale usiku kucha katika chombo chenye rangi ndani. Wazee walihifadhi maziwa katika kibuyu, nao walikuwa na sababu zao njema. Kibuyu kilichooshwa na kufukizwa vema hakina risasi ndani yake.

Na hapa tungependa kuongeza neno. Nyumba nyingine zilipopata vyombo vyeupe ziliona aibu kwa vyungu, zikaviacha. Wanawake wafinyanzi wakakosa wanunuzi, na binti zao hawakujifunza. Sisi hatuoni sababu ya kuaibika. Chungu ni udongo uliopita motoni, na enameli ni mchanga uliopita motoni, ni ndugu. Maji ya kunywa hukaa baridi katika mtungi kuliko katika beseni, na mboga ya chungu ina ladha yake. Nyumba yenye busara huwa na vyote viwili, na kila kimoja hukipa kazi yake.

KWA WAALIMU

Mwalimu asiye na vyombo vya kufundishia sayansi aweza kuanza na sahani mbovu iliyobanduka. Awaonyeshe watoto ukingo wa kovu, wahesabu tabaka: juu nyeupe, chini yake nyeusi au buluu nzito, na chini kabisa chuma chenye kutu. Wasiguse kwa vidole, maana ukingo wa kioo hukata. Kisha awaulize: kwa nini kutu imo mahali palipobanduka tu? Kwa nini fundi alivika tabaka mbili, asiridhike na moja? Kwa nini kovu la ndani ya birika hukua, na la nje halikui upesi? Maswali matatu haya yana mafundisho ya hewa na maji, ya madini, na ya kutanuka na kunywea kwa vitu. Mtoto atakayeyajibu kwa akili yake mwenyewe hatayasahau, kwa kuwa kila jioni atayaona tena mezani kwao.

Tena waalimu waweza kusaidia katika lile jambo la risasi. Mtoto aliye mzito darasani hupigwa mara nyingi na kuitwa mvivu. Sababu za uzito huo ni nyingi: njaa, minyoo, homa, masikio mabovu. Risasi nayo ni mojawapo. Kabla ya kumhukumu mtoto, mwalimu amshauri mzazi wake ampeleke kwa mganga wa hospitali, na azitaje sababu hizi zote.

Wazee wa pwani husema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, lakini neno hilo lavifaa vyombo vya mezani pia. Basi, mama, leo baada ya chakula, vitoe vyombo vyako vyote vyeupe penye nuru, uvigeuze kimoja kimoja, upitishe kitambaa ndani yake. Kitambaa kikinasa mahali, tazama vema. Kilicho kizima kirudishe rafuni. Kilichobanduka ndani kitenge leo hii, na uanze na kile kikombe kidogo cha mtoto.